Toleo la Mwakani

Mama Kanda alijua kuna jambo mara tu alipoingia sebuleni, kwa sababu feni ilikuwa inampulizia mama mkwe. Katika nyumba ile feni haikuwa ya binadamu. Ilikuwa ya kompyuta. Kile kikasha cheusi cha mezani, kidogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa mkate, kilikuwa kinachemka kikipewa kazi, na kikikosa upepo kilijizima chenyewe katikati ya kuhariri filamu ya harusi ya watu. Basi joto liwe la namna gani, wenye nyumba walijipepea kwa magazeti na feni ikaelekezwa mezani. Mama mkwe alikuwa ameshalalamika mpaka midomo ikamkauka, kwamba amezaa, amelea, na uzeeni ananyimwa upepo kwa ajili ya sanduku.

Leo alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, kitambaa cha kichwa kikipepea, uso umemnawiri. Mezani ilibaki skrini peke yake na waya unaoning'inia. Pale kilipokuwa kinakaa kikasha palikuwa na mraba mdogo usio na vumbi.

"Mama, kompyuta iko wapi?"

"Muulize mumeo," mama mkwe akajibu bila kufumbua macho. "Mimi nimeambiwa feni ni yangu, nikashukuru."

Mume alikuwa chumbani akijikung'uta vumbi la saruji kwenye nywele. Alikuwa karani wa ghala la saruji, mtu mpole, asiyekunywa, asiyechelewa kurudi nyumbani, na mtaani walimwita Bwana Toleo. Jina lenyewe hakulichukia. Kampuni inayotengeneza vikasha vile ilikuwa imekisahau kile kidogo kwa miaka. Kila mwaka ilileta simu mpya, saa mpya, na vidude vya kutia masikioni, lakini kikasha kilibaki kilekile cha zamani, madukani kikiuzwa kwa bei ileile kama vile dunia imesimama. Bwana Toleo alifuatilia kila uvumi. Alijua nani kasema nini juu ya toleo jipya na litatoka lini, na kila mkewe aliposema wanunue hata hicho kilichopo dukani, maana cha nyumbani kimechoka, alijibiwa kuwa kununua cha zamani leo ni kutupa pesa, kipya kiko njiani. Wala hakuwa na mkono wa birika. Pesa ilikuwa benki, imetengwa, na hakuna aliyeigusa. Ungekuwa ubahili, angalau mtu angejua anapigana na nini.

Alimweleza mkewe habari ile kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi. Kesho jioni kampuni inafanya sherehe ya kutangaza vitu vipya, na safari hii wote wanaojua wamekubaliana kwamba kikasha kimo. Kikitangazwa kipya, cha zamani kinaanguka bei palepale. Kwa hiyo yeye amekiuza leo, kingali na thamani, na fedha yake ameiongeza kwenye ile ya benki.

"Na harusi ya ukumbi?" Mama Kanda akauliza. Alikuwa amekaa kitandani, mkoba bado begani.

Hapo ndipo palipokuwa na roho yake. Mwanamke huyu alikuwa mhariri wa filamu za harusi tangu enzi za kanda za video, na jina lilimganda hapo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa anafukuzana na mabwana harusi ambao kabla ya ndoa wanapiga simu asubuhi na jioni, na baada ya fungate simu zao hazipatikani. Sasa ukumbi mpya wa sherehe ulitaka mhariri mmoja wa harusi zake zote, mwenye mkataba na malipo ya kila mwezi. Meneja alimpa harusi moja ya majaribio. Ilitakiwa mezani kwake Jumatatu. Leo alikuwa anatoka hukohuko ukumbini kuhakikisha majina ya wazee wa pande zote mbili, asije akamtukana baba wa bibi harusi kwa herufi moja.

"Nilijua utauliza," mume akasema, akafungua kabati. Akatoa ile diski ya nje, ameiviringisha kwenye taulo safi. "Harusi yote imo humu. Mimi si mtoto."

Mama Kanda akaitazama diski, kisha akamtazama mume. Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni njia, kwamba kwenye diski kuna picha mbichi tu, kama zilivyotoka kwenye kamera. Kukata, kupanga, kuweka sauti, kuondoa mjomba aliyelala mdomo wazi, kazi yote ya wiki mbili ilikuwa ndani ya kikasha. Hata kama angeinakili ingekuwa kazi bure, kwa sababu programu yake ilikuwa ya zamani kama kikasha chenyewe na mashine nyingine isingeifungua.

Bwana Toleo alikuwa anajua kasi ya kila chipu iliyowahi kutiwa kwenye vikasha vile. Alijua mpaka majina ya wakubwa wa kiwanda. Lakini kazi ya mkewe inakaa wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe, hilo hakulijua, maana miaka yote ile hakuwahi kuvuta kiti akaketi naye anapokata. Aliiweka diski kitandani. Kisha akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe akataka jina la aliyeuziwa. Mume akakataa. Biashara imeshafungwa, akasema, mkewe akienda kumsumbua mtu wa watu yeye ataonekana mwanamume wa namna gani? Kesho kipya kinatangazwa, wiki ijayo kiko mezani, ataanza upya kwa kasi mara kumi na kumaliza kabla meneja hajakohoa. Mama Kanda alimtolea uvivu, akamwambia maneno ambayo mama mkwe, pale sebuleni, aliyasikia yote na feni ikivuma.

*

Kesho yake jioni, baada ya chakula, Bwana Toleo aliegemeza simu kwenye kopo la sukari na kuwaita wote mezani. Alikuwa amevaa shati jipya. Mama Kanda alikuja kwa sababu alikuwa ameshinda siku nzima akimbembeleza amtajie mnunuzi, na hakutajiwa, na sasa hakuwa na pengine pa kuegemea ila kwenye hicho alichokichukia. Aliomba kitangazwe. Aliomba kwa moyo wake wote.

Walianza na simu. Ikafuata saa, halafu simu nyingine kubwa zaidi. Ikaja kompyuta ya kioo kipana yenye bei ya kiwanja. Kila mzungumzaji aliponyanyua mkono, Bwana Toleo alinong'ona, "Sasa." Mzungumzaji akashusha mkono, akashukuru watu, muziki ukapigwa na taa zikazimwa. Bwana Toleo akaendelea kuangalia kioo cheusi cha simu yake.

"Kimetoka?" mama yake akauliza.

"Bado."

"Sasa mbona umeuza?"

Akaanza kueleza kwamba makampuni makubwa yana mikakati, kwamba vitu vidogo mara nyingi hutolewa kimyakimya bila sherehe, pengine mwezi huu huu. Mama yake akamsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye ni mzee, asiyejua mambo hayo, lakini zamani mtu alikuwa haachi nyumba anayokaa kabla ya kupata ufunguo wa anayohamia. Mama Kanda akanyoosha mkono mezani, akaichukua simu ya mume na kuigeuza kifudifudi.

"Nipe jina."

"Injinia," mume akasema, akiangalia kopo la sukari.

*

Injinia hakuwa injinia wa kitu chochote. Alikuwa na duka kwenye kona ya benki, anatoa kopi, analamineti vyeti kwa plastiki, anauza makava ya simu na kompyuta zilizotumika, na nyuma ya sikio alikuwa anachomeka bisibisi hata siku ambazo hakuna cha kufungua. Kikasha kilikuwa kwenye rafu, kimefutwa vumbi, kimebandikwa bei. Mama Kanda alipokiona alitaka kukigusa, Injinia akamwambia hapana, kuna mtu ameshatanguliza pesa, anakuja kukichukua Jumamosi mchana. Ndani kilikuwa hakijafutwa. Angekifuta siku hiyohiyo mnunuzi akiwepo, ndivyo anavyofanya ili watu wamwamini.

Mama Kanda akaomba arudishiwe kwa bei ileile. Injinia akacheka, wala si kwa ubaya. Akataja bei yake, ambayo ilikuwa nusu tena juu ya aliyonunulia. Mama Kanda akampigia mume, na kwa kihoro alichokuwa nacho kidole kikagusa kipaza sauti, duka zima likasikia Bwana Toleo akisema kwamba pesa ile ni ya toleo jipya, asithubutu, na kwamba mwanamke mwenye akili hanunui kitu chake mwenyewe kwa faida ya mtu mwingine. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi akajifanya anasoma tangazo ukutani.

"Kaa pale," Injinia akasema mwishowe, akionyesha kimeza kando ya mlango. "Fanya kazi yako mpaka Jumamosi. Utalipa kwa saa, kama wanaokuja kuchapa barua."

Akakaa. Kimeza kilikuwa kati ya mlango na mashine ya kopi, kila anayeingia alimgusa kiwiko. Watu walimpa vitambulisho vyao avitoe kopi. Mwanzoni alieleza kwamba yeye si wa hapo, baadaye alichoka kueleza, akawa anavipokea na kumpasia Injinia bila kutoa macho kwenye harusi. Injinia naye aligundua faida. Mteja akija kuulizia kompyuta, alimleta mpaka nyuma ya kiti cha Mama Kanda na kusema aone mwenyewe, mashine hizi ndizo wanazokatia harusi za wakubwa, tena hata sasa inafanya kazi. Wakasimama pale wakimtazama anavyofanya, kama fundi wa maonyesho.

Ijumaa aliingia mwanamke mmoja ambaye Mama Kanda alimkatia harusi yake miaka ya nyuma, mwanamke mwenye roho nzuri kabisa. Akamuuliza kwa sauti ya huruma kama ameajiriwa hapo siku hizi. Mama Kanda akasema anasaidia tu. Yule mwanamke akamshika bega, akasema kazi ni kazi, bora uzima. Mama Kanda alimchukia kwa hilo bega kuliko alivyomchukia Injinia.

Jumamosi asubuhi kazi ya kukata ikaisha, ikabaki ya kuviunganisha vipande vyote kuwa filamu moja, ambayo nyumbani kwao waliita kupika. Hapo kikasha ndipo kilipokuwa kinachemka. Kwao, harusi ikiwa jikoni, hakuna aliyepiga pasi, wala kugusa swichi. Hapa palikuwa dukani kwa watu. Alipika mara ya kwanza, mashine ya kulamineti ikawashwa, umeme ukayumba, kikasha kikazima. Akaanza tena. Akamwomba Injinia asiiwashe ile mashine mpaka amalize. Injinia akasema atajaribu, na alijaribu mpaka alipoingia mwanamume mmoja na cheti cha ufundi wa magari, anakitaka kilaminetiwe sasa hivi, ana usaili.

"Harusi ya nani hii, mpaka cheti changu kisubiri?" akauliza.

Mama Kanda alikuwa ameshika kifuniko cha boksi la karatasi anakipepea kikasha kwa mkono. Akainuka, akasimama mbele ya soketi, akiendelea kupepea.

"Mama, toka kwenye soketi," Injinia akasema.

"Sitoki."

"Hili duka ni langu."

"Najua ni lako. Saa yangu nimeilipia. Nilamineti mimi."

Mwenye cheti akatazama uso wa mama yule, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, akaona usaili wake unaweza kwenda bila plastiki. Alitoka akitukana. Injinia akapiga bisibisi juu ya kaunta, akahesabu hasara kwa sauti, wateja waliokuwepo wakamcheka yeye na kumcheka mama. Kikasha kikapika. Kilipomaliza, akaihamishia filamu kwenye diski yake ya nje, na mnunuzi wa kikasha alikuwa tayari amesimama mlangoni na begi wazi.

Injinia akakifuta palepale. Mama Kanda alisimama akaangalia. Zilikwenda herufi alizokuwa akiandikia majina ya maharusi, zikaenda na nyimbo za kufungulia, na mipangilio aliyoijenga tangu alipojifunza kazi, mmoja mmoja. Haikuchukua muda. Mnunuzi alikuwa kijana wa chuo aliyetaka kuchezea mpira wa kompyuta, akauliza kama kinatoa joto sana. Injinia akasema hapana.

*

Meneja wa ukumbi alikuwa mwanamke mrefu mwenye rundo la funguo kiunoni, na hakuwa na tabia ya kukaa. Jumatatu aliitazama filamu yote akiwa wima, mkono kwenye funguo zisilie. Bibi harusi alipomkumbatia nyanya yake, na sauti za ukumbi zikapungua taratibu ikabaki pumzi ya yule nyanya peke yake, meneja akasimamisha picha na kuuliza, "Hapa nani amekata?"

"Mimi."

Akarudisha nyuma, akatazama tena. Basi wakazungumza. Harusi zilikuwa kila wiki, na filamu ilitakiwa iwe tayari kabla ya harusi inayofuata, bila visingizio vya umeme wala ugonjwa. Meneja akauliza anatumia mashine gani. Mama Kanda akasema ananunua mpya. Meneja akampa mpaka mwisho wa mwezi. Aje siku hiyo amwonyeshe mashine anayofanyia kazi, waweke sahihi, na kama haipo, kuna mwingine ameleta filamu yake, si nzuri kama hii lakini ana vifaa.

Mume alipoambiwa, alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyomuudhi mkewe kuliko kitu chochote. Kumbe, akasema, mwisho wa mwezi ni mbali, kipya kitakuwa kimetoka, na meneja atakuta kifaa ambacho mji mzima hauna. Mama Kanda akaacha ugomvi. Akajaribu upole. Alimpikia anachopenda, akampigia pasi mashati ambayo hapo nyuma yaliwahi kukaa wiki nzima yakisubiri kikasha kipoe, akamwita mume wangu mbele ya watu. Kila jioni aliuliza kidogo tu, kwa sauti ya chini, kama haiwezekani wanunue hicho kilichopo, hata kikichakaa watauza. Na kila jioni mume alimwonyesha simu. Wiki hii. Wanasema wiki hii. Mwezi ukawa unakwenda hivyo, na meza ya kompyuta mama mkwe akaigeuza ya kuwekea vikombe.

Wala uongo haukuwa. Kilitoka. Kilitoka asubuhi ya Jumamosi moja, bila sherehe, kama alivyotabiri, mwezi ukiwa umebakiza siku chache. Mama Kanda alikuwa anapita kona ya benki akitoka sokoni, Injinia akamwita kutoka ndani ya duka.

"Mama Kanda. Kimetoka. Kile kidogo."

Akaingia. Injinia akamwonyesha kwenye kompyuta yake. Kilikuwa kidogo zaidi, na bei ilikuwa ileile ya cha zamani, wala hakuna aliyetegemea hilo. Wakakitazama wote wawili kwa muda, ugomvi wa soketi umesahaulika. Injinia akasema yeye anaagiza viwili kwa mtu wake, vitafika baada ya siku tatu. Kimoja cha kuuza. Cha pili, kama mama anataka, akae nacho pale dukani, alete hizo harusi za ukumbi, wagawane nusu kwa nusu.

"Mimi nina mume," Mama Kanda akasema, na alilisema kwa maringo. "Na pesa anayo."

Alitembea kwenda nyumbani haraka kama msichana. Njia nzima alikuwa anatafuta maneno ya kumwomba mume radhi. Alikuwa amemtukana, amemnunia, amemwona mjinga mbele ya mama yake, na kumbe mtu alikuwa anajua. Hasira yote ya mwezi mzima ilimtoka, akashangaa jinsi mwili unavyokuwa mwepesi bila hiyo. Akapanga kumwambia alikuwa sahihi. Wanaume wanapenda kuambiwa hivyo, na safari hii angemwambia kwa moyo mweupe.

*

Aliwakuta sebuleni, mume na simu, mama mkwe anamenya vitunguu.

"Kimetoka," akasema, hata kikapu hajakiweka chini.

"Nimeona. Tangu asubuhi."

"Ulikuwa sahihi, mume wangu. Nimekubali mbele ya mama. Jumatatu twende benki, Injinia ana mtu anayeleta ndani ya siku tatu. Mwisho wa mwezi hautatupita."

Bwana Toleo akajikuna kidevu. Hakuwa na uso wa mtu aliyepata alichokitafuta kwa miaka. Alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa. Akamvuta mkewe karibu na simu, akaanza kumweleza kwa sauti ya upole, yenye subira. Hiki wamekiharakisha. Matundu ya nyuma wameyapunguza. Kumbukumbu yake ukishanunua huwezi kuiongeza. Halafu wanaojua, na hapo akamwonyesha maneno yao, wanasema chipu yenyewe ni ya mpito tu, wanajaribu. Kile hasa, kile chenyewe, ni cha mwakani.

Mama Kanda aliyasikiliza yote, kikapu mkononi. "Na ukumbi?"

"Zungumza na huyo meneja. Ni mtu mzima, ataelewa. Mwambie mwakani utakuwa na kitu ambacho..."

"Mwanangu," mama mkwe akamkatiza, "nunua hicho kitu."

"Mama, haya mambo huyaelewi."

"Nisielewe nini?" Kisu kilikuwa kimesimama kwenye kitunguu. Bibi alikuwa amechoka na vita ile, na vitunguu vilikuwa vimemuuma macho, na mwanawe kumwambia haelewi mbele ya mkwe ndiko kulikomvuruga. "Nakuelewa tangu unanyonya. Kila kitu wewe ni kungoja kilicho bora. Hata huyu mkeo, si mimi niliyekusukuma? Posa imekubaliwa, watu wameshapanga, unakuja kunishika mkono unaniambia tungoje kidogo mama, huenda akatokea mwingine mzuri zaidi."

Alikuwa anampiga mwanawe, lakini pigo likaenda kwa mwingine. Alilijua hilo neno la mwisho lilipokuwa bado mdomoni, akaweka kisu chini.

Mama Kanda akamgeukia mume. Alitaka akanushe tu. Hata kwa uongo. Angesema mama amechanganya na mambo ya ndugu yake, angesema ni utani wa siku zile, na mwanamke yule, jinsi alivyoingia mle ndani akiwa mwepesi, angeupokea uongo huo na kwenda jikoni. Akamngoja. Mume akaitazama simu, akamtazama mama yake.

"Mama, mambo ya zamani hayo yanatoka wapi?"

"Ni kweli?" mkewe akauliza.

"Sasa si nilikuoa, lakini?"

Kikapu kikashushwa. Hakikubwagwa. Mama Kanda akakiweka vizuri ukutani ili nyanya zisiporomoke. Alihisi aibu, wala si hasira, aibu ya mtu aliyekuwa anacheza ngoma kumbe muziki ulishazimwa. Aliiona miaka yake yote mle ndani, namna mume alivyokuwa anamtazama nyakati nyingine wakila, kwa macho yaleyale ya kwenye simu, na yeye akadhani ni uchovu wa ghala.

"Kumbe mimi nimekaa hapa kwa muda tu," akasema. "Nimetumika wakati unangoja."

"Usikuze mambo. Tunazungumza habari ya kompyuta."

"Tunazungumza habari hiyohiyo."

Akaingia chumbani. Walimsikia akifungua kabati, akifunga. Bwana Toleo alikaa akijua kwamba kuna jambo anatakiwa kulifanya, na akaona afadhali aache kwanza mkewe apoe, kesho watazungumza vizuri. Mama yake alimtazama kwa jicho ambalo angekuwa mtoto lingemtoa kitini. Mama Kanda akatoka na begi la nguo begani na shuka mkononi. Akaviondoa vikombe mezani kimoja kimoja, akachomoa waya wa skrini, akaizungushia shuka, akaikumbatia. Ilikuwa yake, aliinunua kwa harusi zake. Kwa Injinia skrini zote zilikuwa na mistari. Nusu ya mkataba itakuwa ya Injinia sasa, mtu aliyemlipisha kwa saa. Lakini mwisho wa mwezi kutakuwa na mashine na kutakuwa na sahihi, na harusi za Jumamosi hazitamsubiri mtu.

Mama mkwe akainuka, akachukua kibodi na diski, akamfuata mpaka nje bila viatu.

"Mwanangu, sikukusudia."

"Najua, mama. Umenisaidia."

Walikuwa wamefika barabarani Bwana Toleo alipotokea mlangoni. Alisimama pale, simu mkononi, mtu asiyemtakia mabaya kiumbe yeyote. Akatazama begi, akatazama shuka.

"Hiyo skrini angalia usiikwaruze," akasema. "Cha mwakani kitaihitaji."

Mama mkwe ndiye aliyegeuka. Mama Kanda hakugeuka, skrini ilikuwa imemziba mbele na njia ilikuwa na mashimo, ikabidi aangalie anapokanyaga.